Chachu ya Zenebech

Haya nilisimuliwa na mjukuu wangu Feven, Kwaresima iliyopita, tulipokuwa tunachambua dengu. Alisema polepole, kainamia ungo, nami sikumharakisha.

Feven anasoma chuo pale Bahir Dar, uhandisi wa vitu vyenye uhai. Mama yake, Zenebech, ni mkwe wangu. Mwanangu alipofariki, Zenebech alishika kazi ya kupika injera za kuuza, ile mikate myembamba ya unga uliochachuka, na ndizo zilizomsomesha mtoto.

Walipoanza maabara walipewa Mwalimu Asrat. Siku ya kwanza hakuwaonyesha kidudu hata kimoja. Aliwafundisha kunawa, kufunga nywele, kutozungumza juu ya sahani iliyo wazi, na kuvuta maji ya rangi kwa kibomba na kuyaachia tone kwa tone mpaka vidole vikauma.

"Mwalimu, tumekuja kuwa wahandisi au wauza manukato?" akauliza Natnael, aliyekaa meza moja na Feven.

"Wewe hata manukato hujafikia. Nusu umemwaga mezani."

Darasa zima likamcheka.

Walipozoea, aliwaambia kila mmoja alete chachu ya kwao, yale maji ya manjano yanayoelea juu ya unga uliochachuka, ambayo mpishi huyateka ayatie kwenye unga wa kesho. Feven akaleta kikombe kimoja. Wakaipaka kwenye visahani kwa waya uliochomwa motoni, wakarudia na kurudia mpaka kila doa lililoota likawa la kidudu cha aina moja tu. Feven ana mkono mtulivu. Hamira aliyoitenga ilipotiwa kwenye unga wa majaribio ilipanda kabla ya za wenzake wote, povu likafika mdomoni mwa chupa.

"Feven, kwenu mnapikia jeshi nini?" Natnael akamtania.

Mwalimu alimsifu mbele ya wote. Kisha akawakumbusha kanuni ya mlango: hakuna kitu hai kinachotoka mle. Kazi ikiisha, kila kitu kinakwenda kwenye chungu cha mvuke, kinachemshwa mpaka kife.

"Lakini Mwalimu, hii si imetoka jikoni kwetu?" Feven akauliza.

"Iliyotoka kwenu ilikuwa kijiji kizima, binti. Hii ni mtu mmoja."

Feven aliyasikia, akayachukulia kama maneno ya darasani tu. Mawazo yake yalikuwa kwa mama. Ilikuwa miezi ya baridi, unga unachelewa kuchachuka, na Zenebech alikuwa akiamka usiku wa manane kuugusagusa, mkono mmoja kiunoni. Feven alitaka mama yake alale. Basi akatia kichupa cha ile hamira ndani ya sweta, akapita nacho mlangoni, na kufika nyumbani akakimimina kwenye pipa la unga bila kusema neno.

Asubuhi unga ulikuwa umesukuma kifuniko.

"Bikira Maria! Feven, njoo uone!" Zenebech alicheka kama msichana. Akateka yale maji ya juu, akayahifadhi kama kawaida yake, na ya zamani yaliyobaki akayamwaga, maana haya yalikuwa na nguvu zaidi. Siku zile alilala mpaka kunakucha. Feven aliniambia hajapata kuwa na furaha kama ile.

Halafu macho ya injera, vile vitundu vya juu yake, yakaanza kupungua. Ukali ukapotea. Ikifika jioni, kingo zimekauka na zinavunjika. Alganesh, mama wa hoteli, akamrudishia kikapu kizima.

"Zenebech, mwanangu, mimi niliagiza injera. Hii nitawapa wateja wangu wafungie sabuni?"

Zenebech akaenda kumvaa muuza tefu, nafaka ya kupikia injera, akamwita mwizi mbele ya watu kwamba anachanganya nafaka. Yule mzee aliapa mpaka machozi yakamtoka. Feven alikuwa pale, kashika gunia, na hakufungua mdomo.

Kesho yake alikimbilia maabara. "Mwalimu, kile kikombe changu cha mwanzo, kile cha nyumbani, kimebaki?"

Natnael ndiye aliyejibu. "Nilikitia kwenye chungu cha mvuke pamoja na vyangu. Nilikuwa nakusaidia kufanya usafi, dada."

Feven akamweleza Mwalimu yote. Mwalimu Asrat alivua miwani, akakaa. "Nilikufundisha kanuni vizuri," akasema. "Sababu yake niliipitia juu juu. Yule mmoja wako amekula chakula cha kijiji kizima, nao wengine ndio waliokuwa wanatia ukali." Hakumgombeza. Feven anasema afadhali angemgombeza.

Jioni hiyo akamwambia mama yake. Zenebech alikuwa anafuta bamba la kupikia, akaendelea kulifuta muda mrefu.

"Ile ilikuwa ya mama yangu," akasema. "Alinipa siku naolewa, kwenye kibuyu. Hata kwa mwalimu wako haikubaki?"

"Haikubaki, Mama."

"Na mimi sikumgawia mtu. Niliogopa watanichukulia wateja." Akaweka kitambaa chini. "Kesho utakwenda kwa yule mzee wa tefu, umwambie kwa kinywa chako."

"Nitakwenda."

Zenebech akachukua kikombe, akavuka kwa jirani yake, Abebu.

"Leo umenikumbuka!" Abebu akasema kwa sauti ya kusikika njia nzima. "Binti yangu alipoolewa nilikuomba, ukaniambia chachu yako haitoki nyumbani. Haya, lete kikombe. Mbona kidogo hivyo? Lete bakuli!"

Ilichukua siku kadhaa, pipa limesuguliwa kwa majani na maji ya moto, ndipo injera zikarudi na macho yake. Alganesh akaagiza tena. Zenebech alimega kipande, akatafuna huku amefumba macho.

"Nzuri," akasema. "Ni ya Abebu."

Usiku akakanda unga wa kesho, akafunika pipa, akajilaza akauelekea ukuta. Feven akasogea, akamkanda kiuno. Mama yake hakumsukuma mkono. Pumzi zake zikawa nzito. Feven akaendelea kukanda, harufu ya unga wa nyumba ya watu imejaa chumbani, mpaka naye akasinzia, mkono ukiwa palepale.