Programu ya Mzee Sadoki Yachinjiwa Ndafu

Nani alikuambia programu ya kompyuta haina mtetezi? Ile ya ofisi ya Mzee Melkizedeki pale Elerai ilikuwa naye, tena mkali kweli kweli, na si mwingine bali mzee mwenyewe.

Agnela ndiye aliyetunza kompyuta za ofisi hiyo ya kupeleka watalii mbugani. Kompyuta kubwa, wenyewe wakiiita seva, ilibeba kila kitu cha wageni, kuanzia majina na pasipoti hadi namba za kadi zao za benki. Sasa, programu iliyoiongoza seva hiyo ilikuwa imeshatelekezwa. Walioitengeneza walitangaza wazi kwamba hawaihudumii tena, likitokea tundu halizibwi. Na matundu yalitokea, yakaanikwa kwenye intaneti kila mwizi ayaone. Ofisi ya jirani, iliyotumia programu hiyo hiyo, iliingiliwa hivyo hivyo. Wageni wakaibiwa, ofisi ikafungwa. Agnela akakosa raha kabisa. Yakiwafika wao, wenzake wote watakosa kazi, na lawama itamwangukia yeye.

"Mzee, tuibadilishe kabla msimu haujaanza," akasihi kwa mara nyingine.

"Thubutu!" Mzee Melkizedeki akang'aka. "Programu aliyoiweka Sadoki? Fundi wangu wa kwanza? Alipostaafu nilimchinjia ndafu. Nikaahidi mbele ya watu na mchungaji kwamba kazi yake haitaguswa maadamu niko hai. Leo unataka nile matapishi yangu?"

Kwa Mchaga yule, neno lililotamkwa mbele ya ndafu, mbuzi mzima wa kubanikwa, halirudi nyuma. Agnela alilelewa hivyo hivyo huko Machame, kwa hiyo hakubishana. Lakini hasira zilivyompanda, acha tu! Jumamosi akafunga safari hadi Maji ya Chai, kwa Mzee Sadoki mwenyewe.

Alimkuta anapalilia migomba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Ofisini hawajambo?"

Agnela akamweleza yote taratibu, akiogopa kumvunja moyo. Sadoki akaangua kicheko mpaka jembe likamtoka mkononi.

"Lile liprogramu zee bado linafanya kazi? Jamani! Mimi nimetamani litolewe tangu zamani. Lakini kila sherehe Melkizedeki ananisimamisha, ananipigia makofi. Ningeanzia wapi? Angeona nimeitupa ndafu yake."

Loo! Kumbe wazee wawili walikuwa wanaheshimiana tu, na mlango wa ofisi uko wazi kwa wezi muda wote huo.

Jumatatu Sadoki akatinga Elerai na koti lake la kanisani. Salamu zilipokwisha, akaomba kuketi kwenye kompyuta ya Violet, dada wa mapokezi. Neno la siri hakuuliza. Akapita kwenye tundu lile lililotangazwa, na kitambo kidogo tu pasipoti za wageni wote wa msimu zikawa wazi mbele ya Mzee Melkizedeki.

"Mae!" Mzee akashika kichwa. "Hata mtu baki anaweza hivi?"

"Anaweza, akiwa hukohuko kwao. Tena mimi nimeshazeeka, vijana wana kasi. Rafiki yangu, ile ahadi nakurudishia. Kazi yangu iguse, na iguse leo."

Mzee Melkizedeki akatoa leso, akajifuta uso. Aibu ilimshika, wala hakuificha. "Nisamehe, binti," akamwambia Agnela. "Nilikufokea bure."

Siku ileile Agnela akaanza kazi. Programu ya zamani ikafutwa, mpya ikakaa. Ila mzee akakataa katakata mtumishi wa miaka mingi aondoke bila kuagwa, hata kama ni programu. Basi Jumamosi ndafu ikaletwa uani, majani mdomoni, na Sadoki akakaa kiti cha mbele kama mfiwa mwenye furaha.

Mzee akasimama, kisu mkononi. Agnela akaomba kimoyomoyo. Ee Mungu, asije akaahidi tena!

"Naahidi mbele ya ndafu hii," mzee akapaza sauti. "Siku Agnela atakapostaafu, msiache humu ofisini kitu chake hata kimoja. Futeni vyote!"

Violet akapiga vigelegele. Agnela akacheka huku machozi yanamtoka, maana tangu aajiriwe hajawahi kusifiwa vile.