Kava la Mashine ya Wunpini

Mwishoni mwa mvua nilisikia bombani kwamba mvulana wa Savelugu alipigwa na radi kwa sababu simu yake ilikuwa na kava la chuma. Hakuna aliyemjua mvulana huyo, hata jina lake. Lakini habari iliniganda kichwani, maana binti yangu Wunpini alikuwa na ugonjwa wa sukari na alitembea na mashine ya kupimia sukari siku nzima. Mashine ilikuwa moja tu.

Nikaenda sokoni Tamale kwa Sugru, muuza makava. Akaniwekea matatu mezani: la chuma, la plastiki ngumu na la mpira laini.

"La chuma liondoe. Linaita radi."

"Mama, radi na kazi zake zote, ije kutafuta kikava chako?" Akacheka. "Haya, mikono yako inafanya kazi gani?"

"Inakuhusu nini? Unataka kunioa?"

"Nikuoe, mzee wako aniue? Nauliza tu, mama."

Majirani zake wakaangua kicheko. Nikachukua la mpira kwa sababu lilibonyea vizuri.

Mikono yangu inakamua mafuta ya shea. Harmatani, upepo mkavu wa kiangazi, ilipoanza kupasua ngozi, nilimpaka Wunpini mafuta hayo kila asubuhi, kama tunavyowapaka watoto wote hapa, halafu nikamshikisha mashine yake. Mpira ukanywa mafuta. Wiki ya tatu ulikuwa umevimba kama mkate ndani ya chai, kona zimelegea. Niliona. Nikaufuta tu kwa kitambaa.

Jumatano aliamka anatetemeka, jasho linamtoka. Alipoishika mashine apime, ikachomoka ndani ya kava kama sabuni, ikaangukia jiwe la kusagia. Kioo kikafa.

"Mama, sukari imepanda au imeshuka?"

Nikasema imepanda, maana jana yake alikunywa uji wenye sukari. Nikamchoma sindano ya kuishusha.

Ilikuwa imeshuka.

Sugru alikuja kwenye msiba wa Wunpini. Mimi ndiye niliyemwambia, "Ni shea. Nakamua shea."

"Ningekupa la plastiki, mama."

Nimerudi kazini. Nakoroga. Wakinisalimia naitika.

Wewe mwenye mtoto kama wangu:

Usinunue kava la mpira laini kama mnapaka mafuta.
Usimfiche muuzaji kazi ya mikono yako.
Usiendelee na kava lililovimba.
Usichague kwa habari za bombani.
Usimchome sindano bila kupima.