Printa Iliyovishwa Kitambaa

Siku ile mjinga alikuwa Apolinari, wala hahitaji shahidi. Mwenyewe hukiri kabla hujamaliza kuuliza. Dereva wa watalii, mtu aliyekwama kwenye tope la kreta mara nyingi na kila mara akatoka, alikuja kukwamishwa na kimashine cha kuchapa picha, sebuleni kwake Karatu, mchana kweupe.

Alikinunua Arusha, mwaka 2005, masika yanaanza. Muuza duka alimwekea printa mbili mezani, zote zinasoma kadi ya kamera bila kompyuta. Moja ilizidi bei kidogo, ila kila rangi ilikuwa na kichupa chake. Ikiisha nyekundu unabadilisha nyekundu tu. Ya pili ilikuwa ya bei chee, rangi zote tatu zimepanga chumba kimoja. Apolinari hakuuliza wino unauzwaje. Akabeba ya bei chee, akacheka peke yake mpaka Mto wa Mbu. Wiki mbili baadaye akaulizia katriji, hicho kichupa cha wino, akatajiwa bei inayokaribia ya printa yenyewe. Kicheko kikakatika.

Ndipo akatunga sheria: printa isiguswe. Akanyakua kitambaa cha kufuma cha mkewe Ndeshi, kile cha kufunikia redio, akaivisha.

"Baba Godson, kijitabu chake kinasema uchape hata picha moja kwa wiki," Ndeshi alimwambia. "La sivyo wino unakauka."

"Hicho kijitabu kimeandikwa na wauza wino."

Ikapita miezi. Agosti ikaja na upepo wake mkavu na vumbi jekundu linalopenya hata kwenye chumvi. Alasiri moja Naishorua, mama wa Kimaasai aliyewaletea maziwa kila siku, hakuondoka alipokwisha kumimina. Binti yake, Sinyati, alikuwa ameolewa Sale na angesafiri kesho yake alfajiri. Apolinari aliwahi kuwapiga picha mama na mwana wamesimama langoni, wamejifunga shuka nyekundu.

"Nataka aende nayo," Naishorua alisema. "Huko Sale akinikumbuka, atamtazama nani?"

"Kaa kitini, Mama Sinyati," Apolinari alisema. "Chai yako haitapoa kabla haijatoka."

Akaivua printa kitambaa, akaichomeka kadi; ikakoroma, ikatema karatasi. Shuka zimekuwa njano kama maua ya alizeti, nyuso zimeiva kijani. Naishorua akaishika picha kwa mbali.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe."

"Mimi niliugua lini hivi? Mama mkwe wa Sinyati akiiona hii atasema ameletewa ukoo wa wagonjwa."

Apolinari akaipiga printa kofi la ubavuni. Akamlaani muuza duka, akalaani na kiwanda. Kwenda Arusha kusafisha picha na kurudi, Sinyati angekuwa amekwisha kuondoka. Mama wa watu kakaa pale, picha ya kijani magotini.

Ndeshi hakubishana. Alichomoa katriji, akalowesha kitambaa safi kwa maji ya uvuguvugu, akaugusisha mdomo wa katriji juu ya kitambaa taratibu, bila kusugua. Ikatoka njano. Ikatoka buluu. Nyekundu, kimya. Akagusisha tena, akasubiri. Mara ya tatu likajitokeza doa dogo jekundu, likatanuka.

Picha ya pili ilipotoka, shuka ziliwaka. Naishorua akanyoosha kidole kwenye uso wa binti yake, Ndeshi akamzuia, "Ngoja ikauke, mama." Wakaipuliza wote wawili, vichwa vimegusana.

Apolinari, roho imemrudia, alikuwa tayari amekunjua kitambaa cha redio.

"Haya, ipumzike. Wino uliobaki ni wa kuhifadhi."

"Kila Jumamosi picha moja," Ndeshi alisema.

"Picha ya nani? Ya kuku?"

"Hata ya kuku."

"Wino wa bei ile, nimpake kuku! Mama Sinyati, wewe ni mtu mzima, hebu tuamulie. Kitu cha ghali hakitunzwi?"

Naishorua aliiweka picha ndani ya shuka yake, akabeba dumu lake la maziwa mpaka mlangoni.

"Kinatunzwa, Baba Godson. Na mimi nikianza kutunza maziwa ndani ya kiwele, ng'ombe atakauka, na wewe utakunywa chai ya rangi mpaka meno yakuishe."