Aliyeonja Kwanza

Esperansia alimkuta Akimana akipura maharage ndani ya nyumba, mlango umefungwa. Vumbi lilijaa chumba kizima, na watoto wawili walikuwa wakikohoa pembeni, wamejifunika khanga usoni. Maharage hupurwa uani, juani, wapita njia wakisalimia na kuuliza msimu umeendaje. Lakini anayeonekana uani huulizwa mumewe yuko wapi.

"Ni mimi," Esperansia alisema kutoka nje. "Niko peke yangu."

Akimana alichungulia kwanza nyuma ya bega la mgeni, ndipo akamfungulia.

Mumewe, Ndikuriyo, alikuwa amejificha kwenye mikaratusi ya juu ya kilima tangu msako uanze. Gari la uhamiaji lilikuwa likipita Murusagamba na kuchukua kila aliyetajwa kuwa Mrundi. Ndikuriyo alizaliwa hapo hapo na kubatizwa hapo hapo. Baba yake ndiye aliyekimbia vita ng'ambo ya mpaka, akapewa bonde lililokuwa matete matupu, akalifyeka mpaka likawa shamba. Sasa migomba ya bonde lile hata mwenye wivu angeisifu, na wenye wivu hawakukosekana. Tangu barabara ichongwe kando yake, jina la Ndikuriyo lilikuwa halikauki midomoni mwa watu.

"Nani anamtaja?" Akimana aliuliza. "Ni nyinyi wenyeji. Tunasali pamoja, mkitoka mnatutaja."

Esperansia hakumkatalia, kwa sababu ilikuwa kweli. Yeye alikuwa mwenyeji, Mhangaza, mjane, kiongozi wa jumuiya yao ya Kikristo. Kwenye jumuiya ile wenyeji walikaa mkeka wao na waliokuja walikaa mkeka wao, ingawa hao waliokuja walikuwa wameshazika na kuzaa wajukuu hapo. Esperansia alikaa popote. Aliwahi kuosha maiti ya mama wa Kirundi ambayo majirani waliogopa kuigusa, na kesho yake akaenda kumpalilia mwenyeji aliyemnunia kwa kuiosha. Hakuwa mtu wa kuhubiri. Basi akisema jambo, mikeka yote miwili ilisikiliza.

Wenye mihuri walilijua hilo. Juzi yake Celestini, mwenyekiti wa kitongoji, alikuwa amemtembelea nyumbani kwake, kofia mkononi.

"Mama, mtoto wetu atakufa na baridi kule juu, na mvua hizi."

"Nani kakuambia yuko juu?"

Celestini alicheka kidogo. "Kitongoji changu hiki, mama. Sikia. Nataka tule naye hapa kwako, wenyeji na waliokuja, tumalize maneno. Mimi nikimtambua mbele ya jumuiya, nani atathubutu kumtaja tena? Lakini mimi hawezi kunisikia. Wewe akikuita mama, anamaanisha."

"Na watu wa uhamiaji?"

"Wako wilayani."

"Sijauliza walipo. Nimeuliza kama watakuja."

"Rubisi nitaleta mimi," Celestini alisema, "na nitaonja wa kwanza."

Hapo Esperansia aliacha kuuliza. Upande ule watu huogopa sumu kuliko chui, na mwenye pombe hunywa kwanza mbele ya mgeni. Aliyeonja ametanguliza roho yake. Baada ya hapo hakuna ubaya unaoruhusiwa nyumba ile mpaka mgeni aage. Esperansia alikuwa ameona mahasimu wakipatanishwa hivyo tangu utotoni. Kwake kilikuwa kiapo kizito kuliko cha mahakamani, na hakuwahi kusikia mtu aliyekivunja.

Ndicho kilichomleta kwa Akimana.

"Ataonja Celestini, nami nitamfuata," alimwambia. "Ndipo mumeo anywe."

Akimana alichota maharage kwa kiganja, akapuliza makapi, akayarudisha. "Wewe ndiye unayesema, mama? Si kwamba umetumwa?"

"Nimetumwa. Lakini ninayesema ni mimi."

Jumapili baada ya ibada Ndikuriyo alishuka. Alikuwa amekonda, shati limeshika ukungu, akakaa na mgongo ukutani. Wenyeji walikuja, na wale waliokuja nao walifika, wakajibanza kwenye sebule moja bila kugusana magoti. Celestini alifungua kibuyu. Ndikuriyo alimkazia macho vidoleni, maana sumu hufichwa chini ya ukucha, kisha akamkazia macho kooni mpaka rubisi ikashuka. Akamtazama Esperansia akinywa. Akimana naye alitazama. Nyumba nzima ilikilinda kibuyu kile, na aliyelinda njia hakuwepo hata mmoja.

Ndikuriyo akanywa. Akanywa tena, akafuta mdomo, akacheka. Mzee mmoja wa wenyeji akamsogezea sahani ya ndizi na maharage, akamwambia, "Kula, umekuwa fito." Watu wakacheka wote pamoja, na Esperansia akahisi machozi yakimjia kwa furaha.

Gari lilisimama ndizi zikiwa bado za moto. Askari hawakuuliza Ndikuriyo ni yupi. Walimshika palepale ukutani, na yeye hakumtazama Celestini hata mara moja. Alimtazama Esperansia.

"Mama," alisema, basi.

"Ana hati zake zote za ubatizo!" Esperansia alipiga kelele. "Celestini, sema kitu. Umeonja!"

"Nimeonja," Celestini alisema. "Pombe ilikuwa na kasoro gani?"

Walimvusha mpaka. Esperansia alikwenda Ngara mjini kumtetea, akakalishwa kwenye benchi kutwa, kisha kijana wa ofisi akamwambia kwa upole, "Mama, nenda ukamwombee." Nyumbani alikimwaga kilichobaki kwenye kibuyu, akakivunja kwa mchi. Alijichukia. Majirani wa upande wa Akimana walipomwona njiani waliwaita watoto wao ndani.

Celestini alirudi, kofia mkononi vilevile, kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Mama, yule mwanamke kabaki peke yake na watoto. Nenda ukaseme naye."

"Sitamwambia aondoke. Usinitume tena."

"Nani kasema aondoke? Mwambie lile moyo wako unalokutuma."

"Nitamwambia abaki. Asitoke hata akiletewa jeshi."

"Mwambie hivyohivyo."

Urahisi ule ulimtia shaka. Njia nzima alijiuliza Celestini anataka nini, hakukiona, akaenda, maana kutokwenda kungekuwa kumwacha Akimana peke yake.

Akimana hakumkaribisha kiti. Alisimama mlangoni, mtoto mdogo mgongoni.

"Usiondoke," Esperansia alisema. "Ukiondoka shamba limekwenda. Nitahamia hapa, nilale na nyinyi. Wakija wanikute mimi kwanza."

"Unasema nibaki."

"Baki, mwanangu. Nakuomba."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Akimana alimtazama mama huyu aliyemtoa mumewe msituni kwa maneno laini kama haya, akatazama njia nyuma yake, akatazama tena.

"Asante, mama," alisema kwa heshima. "Nimesikia. Tutabaki." Akamsindikiza mpaka barabarani, akamshika mkono kwa mikono miwili.

Asubuhi Esperansia alikuja na mkeka wake na blanketi. Mlango ulikuwa wazi. Jembe halikuwepo, sufuria hazikuwepo, jiko lilikuwa baridi. Jirani alisema kupitia dirishani, bila kutoka, kwamba Akimana kaelekea Kaniha, kule Biharamulo, kwa binamu yake. Au pengine mbali zaidi. Hakumuaga mtu.

Bondeni kulikuwa na sauti. Celestini alikuwa huko na vijana, wakivuta kamba ya katani katikati ya migomba ya Ndikuriyo. Wengine walikuwa wameanza kuchimba mashimo ya mipaka.

"Nilimwambia abaki," Esperansia alisema.

"Najua." Celestini alikuja karibu, akashusha sauti kama mtu anayesifu. "Ningemwambia mimi aondoke, angeng'ang'ania mpaka tutumie nguvu, watu waseme. Wewe umemwambia abaki, na kaondoka mwenyewe. Hakuna aliyeguswa."

Esperansia alikuwa bado amekumbatia mkeka na blanketi. Alitafuta neno, na kila neno alilolipata alikuwa ameshalitumia.

Celestini aliwageukia vijana. "Mshukuruni mama huyu. Ndiye anayetuwekea amani hapa."

Vijana waliweka majembe chini, wakavua kofia. "Shikamoo, mama," walisema kwa pamoja.

"Marahaba," akaitikia.