Mazishi ya Shangazi

Mpambaji alimpaka unga wa kijivu midomoni, akaufuta, akapaka tena.

"Bado una uhai mwingi, Shangazi," alinong'ona.

Hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wauza mboga, makondakta, hata daktari wa mama yake, wote walimwita Shangazi. Kwa miaka mingi aliingia majumbani mwao kila jioni kupitia runinga, shangazi wa tamthilia mwenye ulimi wa pilipili, akipatanisha wanandoa na kuwasuta wakwe. Lakini alilelewa na jukwaa, na jukwaa hakuliacha. Ndilo lililomponza.

Mwezi uliopita aliigiza muuza nguo aliyeunguliwa na soko. Soko la kweli lilikuwa limeteketea, na ukuta wa mwekezaji ulishaanza kupanda juu ya majivu. Waziri alikaa mstari wa mbele. Shangazi akayaacha maneno ya mtunzi, akamkazia macho.

"Kama moto hauna miguu, mheshimiwa, nani aliubeba?"

Ukumbi ulirindima. Waziri naye alipiga makofi, polepole, akaendelea hata wenzake walipokwisha kunyamaza.

Ukumbi ule ukafungwa kwa matengenezo. Kisha mwongozaji wa tamthilia akamweleza kwamba katika kipindi kijacho Shangazi atakufa.

Sasa mwongozaji aliingia akijipangusa shingo.

"Tuko tayari, dada."

"Sanduku si lifungwe tupu? Nani atajua?"

"Wanataka uso uonekane kwanza."

"Akina nani?"

Mwongozaji aliutupia jicho mlango. Nje alisimama mwanamume mwenye suti nyeusi. Alikuwapo tangu asubuhi, na hakuwa mtu wa kamera wala wa taa.

"Nyumba unayokaa ni ya kituo cha runinga," mwongozaji alisema. "Mama yako hata kugeuka kitandani hawezi. Usinitie maneno mdomoni. Lala, tumalize."

"Halafu?"

"Maiti hapangiwi kazi, dada." Alijaribu kucheka.

Mpambaji alimshika mkono mpaka penye sanduku. "Nimewaambia wasikaze kifuniko," alisema bila kumtazama.

Shangazi akalala. Rangi ya mbao ilikuwa mbichi, ikamchoma puani. Juu yake zilizunguka nyuso za wanawake waliokodiwa kulia. Mmoja alimtambua: alikuwa na meza ya viatu sokoni kabla ya moto. Yule hakuhitaji kufundishwa. Machozi yalimdondokea Shangazi shavuni, ya moto, naye hakuthubutu kupepesa.

Kifuniko kikashuka.

Alingoja kumsikia mwongozaji akisema "kata". Badala yake alisikia nyayo za viatu vizito zikikaribia, zikasimama kichwani pake. Chuma kikasaga mbao. Parafujo ya kwanza. Ya pili.

"Hiyo haikuwamo kwenye mpango," sauti ya mpambaji ilisema.

"Kaa pembeni, binti," mwanamume alijibu, taratibu, kama anayembembeleza mtoto.

Hewa ilikuwa imeanza kuwa nzito. Shangazi aligonga mara moja, kwa adabu, kama mtu aliyefika kwa jirani. Akagonga kwa ngumi zote mbili, akaita kwa sauti ile iliyozoea kufika viti vya nyuma kabisa bila kipaza sauti.

Kilio cha wanawake kikakatika. Walikuwa wamemsikia.

"Msinyamaze, akina mama," mwongozaji alisema. "Kamera inaendelea. Lieni. Lieni zaidi."

Akaanza mmoja. Wengine wakafuata.