Neno la Mlangoni

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Lydia kilikuwa kidole gumba cha mkono wake wa kulia. Kucha yake ilikuwa imetafunwa mpaka kwenye nyama, na yeye alikuwa anakificha ndani ya ngumi kama mtoto anayeficha pipi. Vidole vingine vyote vilikuwa vizima. Mimi huwa natazama mikono ya mtu kabla ya uso wake. Mikono ndiyo kazi yangu, na uso wa mtu hunitia haya.

Alikuwa amesimama nje ya mlango wa nyumba yetu, hapa Kizwite, kitenge kiunoni na sweta zito juu. Kaka yangu Adriano alikuwa amekwisha kumposa, na mahari ilikuwa imepokelewa kwao Izia. Kwa desturi ya ukoo wetu, mchumba ambaye mahari yake imepokelewa havuki kizingiti cha nyumba ya mume mpaka siku ya harusi. Kwa hiyo alichungulia tu. Aliyeingia ni Shangazi Otilia, dada wa marehemu baba, ambaye ndiye aliyekuwa ameishika harusi yote mkononi. Alipima chumba cha mbele kwa hatua, kutoka ukutani hadi dirishani, huku akinyoosha kidole. Chumba cha kati hakukitazama, kwa kuwa kilikuwa kimejaa magunia ya mahindi.

"Makochi hapa. Kabati la vyombo pale. Televisheni ikae chini ya dirisha."

Chini ya dirisha palikuwa na meza yangu. Juu yake kuna chupa za rangi za kucha, misasa, gundi, pamba, na chupa ya chai ninayowekea maji ya moto ya kulowekea mikono. Beseni la miguu hukaa mvunguni.

"Na meza ya wifi?" Lydia aliuliza kutoka nje.

"Itakaa barazani. Kupaka watu kucha ni kazi ya kukaa, na mtu anakaa popote. Au sivyo, Kalista?"

Sikujibu. Adriano, aliyekuwa ameegemea mlango, alinitazama, akangoja kidogo, kisha akasema, "Kalista hana neno."

Nikaona gumba la Lydia linarudi ndani ya ngumi.

Mimi si bubu, ingawa wapo mtaani wanaoniita hivyo kwa utani. Niliacha shule darasa la tano, mama alipougua, na alipofariki sikurudi. Watu husema niliacha ili nimuuguze, na ni kweli. Ila nilishukuru pia kwamba hakutakuwa tena na mwalimu wa kunisimamisha nisome kwa sauti mbele ya wenzangu.

Kaka ni fundi ujenzi. Nyumba hii aliijenga mwenyewe, yeye akipandisha matofali, mimi nikichota maji. Kuta zilipofika kifuani aliniuliza dirisha la mbele liwe upande gani. Sikusema kitu. Nilikwenda nikasimama pale ambapo jua la asubuhi lilikuwa linapiga, nikabaki nimesimama. Akacheka, akachora alama ya chaki nilipokuwa. Nadhani tangu siku ile niliamini kwamba kaka ananielewa nikiwa nimenyamaza, na kwamba itakuwa hivyo siku zote.

Kazi nilifundishwa na Mama Beda, mwenye saluni Chanji. Niliipenda kwa sababu unamshika mtu mkono na hulazimiki kumtazama machoni. Yeye anaongea, wewe unachonga. Wateja walianza kunifuata nyumbani wenyewe: walimu, wauguzi, mabibi harusi, wanaotaka kucha za kubandika na wanaotaka kutindwa nyusi tu. Baada ya mavuno huja wanawake wa mashamba ya pembezoni, vidole vimechanjwa na visu vya kuvunia ulezi. Hao nawapenda kuliko wote. Mikono yao ikiingia kwenye maji ya moto, wanafumba macho na kuacha sentensi katikati.

Asiyekaa huku nyanda za juu hawezi kujua kwa nini baraza haifai. Harusi zetu nyingi hufungwa baada ya mavuno, na huo ndio wakati wa baridi na upepo. Upepo unatoka kwenye mashamba yaliyobaki matupu, unabeba vumbi jekundu. Baridi inaifanya rangi iwe nzito na isikauke upesi, na vumbi likija linakuta kucha mbichi. Niliwahi kujaribu barazani, kabla kaka hajaweka kioo dirishani. Mteja wangu aliondoka na kucha kama maandazi yaliyonyunyiziwa sukari. Hakurudi.

Haya yote nilikuwa nayajua siku Shangazi anapima chumba kwa hatua. Yalikuwa yamejaa kifuani, na yakabaki humo humo.

Wateja waliyasema kwa niaba yangu.

"Kwa hiyo makochi yakija, wewe unahamia barazani kwa kuku," alisema Mama Enock, jirani yetu, miguu yake ikiwa kwenye beseni. "Basi na kuku uwapake. Jogoo mpake nyekundu."

Nilicheka chini chini.

"Usicheke. Umemwambia kaka yako?"

"Nitamwambia."

"Lini? Makochi yakishakaa? Kalista, wewe unaongea kwa macho. Macho hayana sauti, mwanangu. Mguu huu bado unaniwasha, sugua hapo."

Nikasugua hapo.

Sasa niseme habari ya mlango. Katika ukoo wetu, bibi harusi akifika kwa mumewe, dada wa bwana harusi husimama ndani ya mlango na bibi harusi hubaki nje. Havuki mpaka wifi aseme neno, na neno la mlangoni halirudishwi. Wengi hulifanya utani. Mama yangu alipoletwa, aliyesimama mlangoni alikuwa Shangazi Otilia huyu huyu, wakati huo msichana. Alisema, "Ingia, wifi, ila kuku mwekundu ni wangu, usimguse." Watu walicheka sana. Lakini mama hakumgusa yule kuku, hata mwaka wa njaa, mpaka kuku akafa kwa uzee.

Adriano hana dada mwingine. Wa kusimama mlangoni ni mimi.

Shangazi alilifikiria hilo kabla yangu. Wiki ya harusi aliniita jikoni, akaniambia kwa upole, kwa sababu yeye si mtu mbaya, ana sauti kubwa tu. "Wewe utasimama pale umependeza, basi. Neno nitalisema mimi. Ukianza kutetemeka mbele ya watu utajitia aibu bure."

"Haya, shangazi," nikasema, nikashusha pumzi. Baadaye, nikiwa nasuuza beseni, niliiona ile pumzi niliyoishusha jinsi ilivyokuwa. Nilikuwa kama mtu aliyenyang'anywa mzigo wake njiani akashukuru kwamba hakupigwa.

Ijumaa mchana Lydia alikuja kupakwa kucha. Kwa kuwa hawezi kuvuka kizingiti, tulikaa barazani. Nilifunga kanga mbili kwenye nguzo kuzuia upepo, nikampa blanketi la magotini, nikailoweka mikono yake kwenye maji ya moto. Mikono ilikuwa ya baridi kuliko hali ya hewa.

Nilipaka mkono wa kushoto. Upepo ukaipiga kanga, ikapaa, na vumbi likatua. Nikafuta kwa asetoni, nikapaka tena. Likatua tena. Mara ya tatu niliufunika mkono wake kwa bakuli, lakini hata chini ya bakuli vumbi lilipata njia.

"Wifi, tusingoje upepo utulie?"

"Huu hautulii mpaka mvua zikaribie."

Nadhani ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kuzisikia kwangu. Aliinua mkono wake, akautazama, kisha akageuka na kutazama ndani kupitia mlango ulio wazi. Mwanga ulikuwa umetulia juu ya meza yangu, na chupa za rangi zilikuwa zinang'aa.

"Kumbe," akasema.

Nilikuwa nimeinama nachonga.

"Adriano aliniambia umeichoka kazi hii," akaendelea. "Kwamba habari ya makochi umeikubali."

"Alisema nimekubali?"

"Nilimuuliza, wifi alisemaje? Akasema, hakusema kitu."

Msasa ulisimama mkononi mwangu. Sikuwa na hasira na kaka. Sote tumekulia kanisani. Padri anasoma matangazo ya ndoa, anasema mwenye pingamizi ajitokeze, Jumapili inapita, nyingine inapita, na asiyesimama anahesabiwa amekubali. Kaka alikuwa ametangaza, akangoja, mimi sikusimama.

"Kwetu ni kinyume," Lydia alisema. "Mama yangu akinyamaza, ujue amekasirika, kimbia. Wewe nilikusalimia kanisani siku ya Pasaka, ukainamisha kichwa. Nikakusalimia sokoni, ukainamisha kichwa. Nikajiambia, nakwenda kuishi na mtu asiyenitaka." Akafungua ngumi ya mkono wa kulia, akakiweka kidole gumba mbele yangu, juu ya taulo. "Kimya chako ndicho kilichoila hii kucha."

Kumbe kimya changu kilikuwa kimeingia nyumba mbili, kwa kaka kikasema ndiyo, kwa Lydia kikasema hapana, na mimi mwenyewe sikukituma popote.

"Sijakukataa," nikasema.

"Basi niambie unachotaka."

Nilifungua mdomo. Hapo ndipo Shangazi Otilia alipotokea kwenye kona na mabinti wawili waliojitwisha mchele. "Mnanong'ona nini hapo nyie? Mtachoka kuongea, mna miaka mingi mbele! Kalista, zile sufuria kubwa ziko wapi?" Nikafunga mdomo, nikaenda kuonyesha sufuria.

Niliporudi nilikimalizia kidole gumba. Nilikisugua mafuta ya nazi, nikalainisha ngozi ya pembeni, nikakiacha.

"Hiki sikibandiki kucha. Gundi itakuchoma."

"Na picha?"

"Ukishika maua, gumba liwe ndani."

Alicheka, na kwa mara ya kwanza nikamtazama usoni kidogo. Ana mwanya. Vidole vingine nilivipaka mafuta tu na rangi nyepesi ya maji, ambayo vumbi halionekani juu yake. Hakulalamika. Lakini mimi nilijua nimempeleka bibi harusi kanisani na kazi ambayo si yangu.

Jumamosi jioni gari lilipiga honi kuanzia barabarani, na vigelegele vikaanza. Nilisimama ndani ya mlango, kwenye chumba cha mbele. Meza yangu ilikuwa imesogezwa pembeni na kufunikwa shuka, tayari kutolewa asubuhi. Shangazi alisimama begani kwangu. Uwanja ulikuwa umejaa watu. Lydia alishuka, upepo ukaichukua shela yake, Adriano akaikamata, watu wakacheka. Akaja mpaka kwenye kizingiti, ncha za viatu vyake zikakigusa, akasimama.

Shangazi akapaza sauti. "Haya, bibi harusi! Wifi yako anasema karibu, ingia kwa mguu wa kulia, nyumba ni yako, na makochi—"

"Shikamoo, shangazi," Lydia alisema.

"Marahaba, mwanangu. Ingia."

"Wifi yangu sijamsikia."

Kicheko kikapita uwanjani. "Utangoja sana!" mtu mmoja alipiga kelele. Mama Enock akajibu kutoka nyuma, "Mwacheni angoje! Si harusi yako!"

"Lydia, kuna baridi," Adriano alimwambia taratibu.

"Mimi wa Izia, naijua baridi. Desturi ni yenu, mimi naifuata tu. Bila neno sivuki, nitalala hapa."

Nilisikia shela ikipigapiga. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, kwa hiyo nilichokiona kilikuwa mikono yake. Maua yalikuwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa umening'inia wazi, mbele ya wapiga picha na watu wote, na kidole gumba kilikuwa nje, na kucha yake iliyoliwa, hakijafichwa.

Shangazi akavuta pumzi ili aanze tena. Nikamgusa mkono. Ni mkono ninaoujua, nimeuchonga kucha kila Krismasi. Akanyamaza, nadhani kwa mshangao.

Nikainua kichwa. Nilimtazama Lydia usoni, kisha nikamtazama kaka, ambaye siku moja alichora chaki mahali niliposimama. Sauti ilitoka ndogo, na kwa sababu ilikuwa ndogo, watu wote walisogea ili waisikie.

"Karibu, wifi. Nilikutaka tangu Pasaka, nilikuwa naona haya tu. Jiko ni lako. Kuku ni wetu wote. Lakini chumba hiki cha mbele ni cha kazi yangu, kwa ajili ya dirisha. Makochi yakae chumba cha kati, na magunia ya mahindi yaliyomo nitalala nayo mimi chumbani kwangu. Na wewe, kaka, siku chumba kilipopimwa mimi sikukubali. Nilinyamaza tu."