Soon ya Fundi Saa

Shangazi yangu anafundisha Kiingereza, na kwa kuwa mapenzi hayana adabu, alimpenda mwanamume mwenye neno moja tu la Kiingereza. Mwanamume huyo ni fundi saa, kibanda chake kiko ubavuni mwa benki. Ukimuuliza saa yako itakuwa tayari lini, hujibu bila kuinua kichwa: "Soon."

Shangazi alimpelekea saa yake ya mkono, akaambiwa soon. Akawa anapita kuiulizia kila akitoka shuleni, mpaka wakapendana. Alipomuuliza atakuja lini nyumbani kuposa, akaambiwa soon. Baba yangu, ambaye ndiye kaka yake, amekwisha kupaka rangi sebule mara mbili akingoja wageni.

Jana uvumilivu ulimwishia Shangazi. Nilimsindikiza, maana nilijua kuna sinema ya bure.

"Unajua maana ya hilo neno lako?" alimuuliza fundi, vumbi la chaki bado liko vidoleni. "Zamani Waingereza walipolisema walimaanisha sasa hivi. Papo hapo! Wakaja watu kama wewe, wanalisema halafu wanakaa. Neno likavutika wee, leo maana yake ni baadaye kidogo. Kwako wewe hata sijui ni lini."

"Mwalimu..."

"Usiniite mwalimu. Nimechoka kungoja. Nipe saa yangu, nzima au mbovu, tena tusijuane."

Nilikuwa nacheka, lakini nikaona Shangazi amenyoosha mkono kweli kudai saa yake. Nikaacha.

Fundi alivuta droo polepole. Saa ilikuwa imeviringishwa kwenye kitambaa safi, inatembea, inakwenda sambamba na zile za ukutani.

"Ilipona lini hii?"

"Siku ileile uliyoileta," fundi alisema, akizitazama bisibisi zake. "Hata kituo cha basi ulikuwa hujafika. Niliogopa ukiichukua hutarudi. Na kwa kaka yako naogopa kuambiwa hapana."

Shangazi, ambaye husahihisha hata matangazo ya mkuu wake wa shule, aliipokea kauli hiyo bila kuisahihisha. Akaivaa saa, akaisogeza sikioni.

"Kumbe wewe ni Mwingereza wa zamani," alisema. "Haya, funga kibanda. Kaka yangu yuko nyumbani, na rangi imeshakauka."

Wakati huohuo mteja akachungulia, akauliza saa yake itakuwa tayari lini. Fundi alifungua mdomo, akamtupia Shangazi jicho.

"Kesho saa nne," alijibu, akateremsha mlango.